CHOMBO CHA KUPITA MIAKA
Somo: namna ya kukipanga kwa ajili ya mchezo wa nafasi



Katika somo hili tutajifunza kupanga chombo cha kusafiri katika miaka: kurudi nyuma kwa mababu, ao kwenda mbele kwa wajukuu. Chombo cha namna hiyo hakiko duniani. Tunakipanga kwa ajili ya mchezo unaochezwa ku meza, kwa karatasi na kalamu. Lakini musifikiri kwamba kitu cha kubuni kinaweza kupangwa ovyo ovyo. Chombo kibaya kinaua mchezo kwa saa moja. Chombo kizuri kinamfanya mwanafunzi afungue kitabu cha historia bila kuagizwa na mwalimu. Hii njo sababu ya somo letu.

1. MCHEZO WENYEWE

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake kuuzwa, na tangu hapo mingine mingi imefuata. Sisi tutauita mchezo wa nafasi, kwa sababu kila mchezaji anashika nafasi ya mtu mwingine: fundi, mvuvi, mganga, na kadhalika.

Watu wanne, watano ao sita wanakaa ku meza. Mmoja wao ni mwongozi. Yeye hana mtu wake mmoja. Anasimulia mambo yote yanayoonekana, na anasema kwa kinywa cha watu wote wanaokutwa njiani. Kwa mfano, mwongozi anasema: «Mumefika ku mwalo. Ni usiku. Kuko moto mbele, na sauti za watu. Munafanya nini?» Mchezaji mmoja anajibu: «Ninazima taa, ninasikiliza wanasema lugha gani.» Mwingine: «Mimi ninabaki ndani ya chombo.» Hakuna anayejua mwisho wa hadithi, hata mwongozi.

Jambo likiwa na mashaka, wanatupa dadu, kile kidude cha pande sita chenye alama 1 mpaka 6. Kama hamuna dadu, kateni mbili kwa ubao laini, ao andikeni namba 1 mpaka 6 kwa vipande vya karatasi na kuvitia ndani ya kikombe. Lakini angalieni: mukivuta karatasi mara mbili, lazima kurudisha ile ya kwanza kabla ya kuvuta ya pili. Juu ya nini? Jibu mutalitafuta katika mazoezi.

2. VYOMBO VYA WENZETU

Kabla ya kutengeneza chetu, tuangalie vitatu vilivyotangulia. Kila kimoja kinatufundisha neno moja.

Cha kwanza ni cha Mwingereza H. G. Wells, katika kitabu chake cha mwaka 1895. Mashini yake inapita miaka tu, haisogei mahali. Msafiri anafika mwaka 802701, na viumbe wanaoishi chini ya udongo wanaikokota mashini na kuificha ndani ya msingi wa sanamu kubwa. Lakini alikuwa amefungua vile vishikio vidogo vinavyoiendesha, akavitia mfukoni. Bila vishikio mashini haiendi. Bila mashini vishikio ni vyuma vya bure. Neno la kujifunza: chombo kiwe na kitu kidogo kinachoweza kupotea, kuibiwa, ao kufichwa.

Cha pili kilionekana katika televisheni ya Uingereza, BBC, tarehe 23 Novemba 1963, katika mchezo wa Doctor Who. Kwa nje ni sanduku la buluu ambamo watu wa London walikuwa wanapigia polisi simu. Kwa ndani ni nyumba kubwa. Kilipaswa kubadili umbo lake kila mahali kinapofika, lakini sehemu hiyo imeharibika, kinabaki paka sanduku. Tena katika miaka ya kwanza mwenyewe hakuweza kukiongoza vema: alitaka kwenda huku, akajikuta kule. Mwaka 1985 kampuni ya Marekani iitwayo FASA ilitoa mchezo wa ku meza juu ya chombo hicho. Neno la kujifunza: kilema cha chombo kinazaa hadithi kuliko nguvu yake.

Cha tatu si cha miaka, ni cha nyota. Katika mchezo wa Traveller, uliotolewa na Marc Miller mwaka 1977, wachezaji wanapanga meli zao kwa hesabu: ukubwa, motere, vyumba, mizigo. Kila mruko kutoka nyota moja mpaka ingine unachukua juma moja hivi, na unakunywa sehemu kubwa ya tangi. Kwa hiyo meli haiwezi kuruka ovyo. Lazima kusimama na kutafuta cha kutia ndani. Na pale inaposimama, njo kuna watu na mambo. Neno la kujifunza: tangi tupu ni mlango wa hadithi.

3. FIZIKE INASEMA NINI?

Wengine watauliza: je, jambo hili linawezekana? Kwenda mbele kidogo, ndiyo. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba saa inayokwenda mbio haihesabu sawasawa na saa iliyotulia. Mwaka 1971 wataalamu wawili, Hafele na Keating, walipakia saa za atomu katika ndege za abiria wakazunguka dunia. Zilizokwenda upande wa mashariki zilichelewa kwa segonde 59 zilizogawanywa kwa miliardi moja. Zilizokwenda upande wa magharibi zilitangulia kwa 273 za namna hiyo. Ni kidogo sana, lakini ni kweli, imepimwa. Kurudi nyuma ni jambo lingine: hakuna aliyelifanya.

Kuko shida ingine, na watu wengi wanaisahau. Dunia haisimami. Inazunguka jua kwa mwendo wa kilometre 30 hivi kila segonde. Fanyeni hesabu: segonde 3600 mara kilometre 30 ni kilometre 108000 kwa saa moja. Basi, kama chombo kinaruka saa moja tu nyuma bila kusogea mahali, dunia haitakuwa pale. Itakuwa mbali zaidi ya robo ya njia ya kwenda mwezini, na wasafiri watajikuta katika giza bila pumzi. Wells hakusumbuka na jambo hili. Sisi tutasumbuka nalo, kwa sababu linatupa kitu kizuri: chombo chetu kinahitaji nanga, kitu kinachokifunga na mahali pamoja hapa duniani.

4. MAULIZO SITA

Kila chombo kinapaswa kujibu maulizo sita. Tutayachukua moja moja, na tutajibu kwa chombo cha mfano. Kinaitwa Lukuga, kwa jina la mto unaotoa maji ya ziwa Tanganika pale Kalemie na kuyapeleka Lualaba. Ninyi mutatengeneza chenu.

Ulizo la kwanza: Kina umbo gani, na kimefungwa wapi?

Umbo zuri ni lile lisiloshangaza watu katika miaka mingi. Kamioni ni nzuri kwa mwaka 1960, lakini mwaka 1860 watu watakimbia. Tuseme tunachagua meli ya chuma ya ziwa letu, ile Liemba. Hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafungwa vipande vipande katika masanduku 5000 hivi, ikaunganishwa Kigoma na kuitwa Graf von Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916. Ikatolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa mchezo ni umbo zuri ajabu, lakini lina shimo: baada ya kuzamishwa kwake, kila mtu wa Kigoma anajua kwamba meli hiyo iko chini ya maji. Ikitokea mbele yao, hawatasema «karibu».

Mtumbwi ni bora. Katika inchi ya Nigeria, pale Dufuna, kuligunduliwa mwaka 1987 mtumbwi unaohesabiwa kuwa na miaka 8000 hivi. Basi mtumbwi hauna mwaka wake. Lukuga ni mtumbwi wa mti mmoja, metre 8, wenye alama za moto ndani. Nanga yake ni jiwe kutoka chini ya ziwa, limefungwa kwa kamba. Jiwe linakumbuka ziwa. Kwa hiyo chombo kinafika paka juu ya ziwa Tanganika, hakifiki mahali pengine. Musiogope mpaka huu. Ziwa lina urefu wa kilometre 670 hivi na kina cha metre 1470, na miaka yake inahesabiwa kwa mamilioni. Kazi haitakosa.

Lakini hata ziwa linasogea. Zamani kinywa cha mto Lukuga kilikuwa kimezibwa na majani na udongo, maji yakapanda. Karibu ya mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka metre nyingi. Tena mwaka 2024 lilipanda mpaka likaingia katika nyumba za watu wa Uvira na Kalemie. Basi mtu anayeruka kutoka mwaka 1875, akiwa karibu na ukingo, anaondoka juu ya maji na kufika mwaka 1915 juu ya udongo mkavu, mtumbwi na watu wote, mbele ya macho ya wapita njia. Mwongozi atafurahi.

Ulizo la pili: Kinaongozwa namna gani?

Kama chombo kinafika sawasawa kila mara, hakuna mashaka. Kama hakifiki hata mara moja, wachezaji wanachoka. Tutumie dadu mbili na kujumlisha:

8 ao zaidi: munafika mahali na siku muliyotaka.
5 mpaka 7: mahali ni sawa, lakini mwaka umekosewa. Tupeni dadu moja. Hiyo njo hesabu ya miaka muliyopita ao muliyopungukiwa.
4 ao chini: mwaka na mahali vyote vimekosewa. Mwongozi anachagua.

Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Njia 15 zinatoa 8 ao zaidi, 15 zinatoa 5 mpaka 7, na 6 zinatoa 4 ao chini. Maana yake, bila msaada munafika vema chini ya nusu ya safari zenu.

Sasa msaada. Kabla ya kutupa, wachezaji wanaweza kusema kwa sauti mambo ya kweli juu ya siku wanayoiendea, yaliyosomwa katika kitabu: tarehe, jina la mtu, jambo lililotokea. Kila jambo la kweli linaongeza 1, lakini yasipite matatu. Ukiwa na matatu, njia za kufika vema zinakuwa 30 kwa 36, na kupotea kabisa hakuwezekani tena. Mwanafunzi asiyesoma anatupa dadu kama kipofu; aliyesoma ameshika usukani.

Ulizo la tatu: Kinakula nini?

Chakula cha motere kiwe kitu kinachopatikana katika miaka yote, lakini kisiwe cha bure. Esansi haifai: nani atakuuzia mwaka 1700? Lukuga inakula shaba. Katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, kulikutwa misalaba midogo ya shaba ambayo watu walitumia kama mali, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Basi kipimo chetu ni msalaba mmoja wa shaba kwa kila miaka 50, na kipande cha miaka 50 kinahesabiwa kama 50 kamili. Mtumbwi unabeba misalaba 4, haizidi.

Angalieni sasa. Kutoka mwaka 2020 mpaka 1915 ni miaka 105, maana yake misalaba 3. Munabaki na 1. Kurudi kunaomba 3. Mbili zinazopunguka ziko kule, mikononi mwa watu. Ile shaba ni mahari ya binti wa mtu, ao ni mali ya marehemu, ao ni waya ya simu ya serikali. Munaweza kununua, kuomba, kufanya kazi, ao kuiba. Hapo mchezo umekwisha kuanza, na mwongozi hajasema neno.

Ulizo la nne: Nani anakaa wapi?

Kila mchezaji apewe kazi, asiwepo wa kuangalia tu. Katika Lukuga kuko nafasi tano: msukani, anayetupa dadu ya safari, fundi, anayetunza shaba na kamba, msemaji, anayejua lugha, mganga, na mwandishi, anayeshika kaye ya safari. Mukiwa watatu, wawili kati yenu washike mbili mbili.

Mtumbwi wa Doctor Who, kama tungeuita hivyo, una vyumba bila hesabu. Sisi tunakataa. Lukuga ina viti sita. Tano ni vya wasafiri. Kimoja kiko wazi.

Msikicheke kiti hiki. Mwongozi hapaswi kueleza kazi yake. Atangoja tu. Siku moja wasafiri watakuwa ku mwalo, nyuma yao moto, na mbele yao mama mmoja na watoto wawili. Kiti ni kimoja. Hakuna dadu ya kujibu ulizo hilo. Wachezaji watanyamaza, halafu watasemezana, tena kwa nguvu, na pengine mmoja atasema: «Mimi ninashuka.» Kama chombo kingekuwa na viti mia, neno lile halingesemwa kamwe.

Ulizo la tano: Mambo yaliyopita yanaweza kugeuzwa?

Hapa njo moyo wa kazi. Lazima kukubaliana mbele ya mchezo, si katikati. Mwandishi Mfaransa René Barjavel alilitia tatizo hili katika kitabu chake cha mwaka 1944: mtu akirudi nyuma na kumwua babu yake kabla hajazaa, yeye mwenyewe hazaliwi. Asipozaliwa, nani alirudi kumwua babu? Mchezo ukifika hapo bila sheria, wachezaji wanagombana mpaka usiku.

Kuko sheria za namna tatu. Ya kwanza: zamani ni jiwe, utafanya yote, lakini mambo yatatokea vilevile. Ya pili: zamani ni udongo wa mfinyanzi; utabadili, na ukirudi utakuta nyumbani kumebadilika, pengine vibaya. Ya tatu: zamani ni mto unaogawanyika, ukibadili jambo, unafungua mkono mpya, na ule wa kwanza unaendelea bila wewe. Ya kwanza pekee inachosha: wachezaji wanauliza, tumekuja kufanya nini? Ya pili inaomba mwongozi mwenye akili nyingi. Ya tatu inapunguza uzito wa mambo, kwa kuwa hakuna kinachopotea kweli.

Kwa Lukuga tulichagua sheria yetu, na inashikamana na usukani: jambo mulilolisema kwa sauti ili kuongoza chombo limekuwa jiwe. Haligeuzwi tena. Lisilosemwa ni udongo.

Mumeona mtego? Ukijua mengi unafika vema, lakini yale uliyoyatumia kufika yamefungwa. Katika kila kundi mtu mmoja atasema: «Twende tukamwokoe Lumumba, tarehe 17 Januari 1961.» Jina, tarehe, jambo: tayari amelifunga kwa kinywa chake mwenyewe. Mambo makubwa yaliyoandikwa yanatumika kama taa za kuonyesha njia, lakini taa hailiki.

Ulizo la sita: Kinaharibika namna gani?

Kila mara dadu mbili zinapoonyesha namba moja sawa, kitu kinaharibika. Katika njia 36 ziko 6 za namna hiyo, ni kusema safari moja kwa sita. Sheria ni hii: kuharibika kufungue kazi, kusifunge njia. Kamba ya nanga imekatika: tafuteni msokota kamba. Mti umepasuka: tafuteni utomvu na mtu anayejua kuziba. Kwa hiyo wasafiri watapaswa kukaa na watu wa mwaka ule, kula nao, kuomba msaada wao. Chombo kisichohitaji mtu kinaacha wasafiri wakiangalia babu zao kama picha ukutani.

5. MFANO WA SAFARI MOJA

Tuchukue siku kuu moja ya ziwa letu. Mwaka 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walileta vyombo viwili vya motere, Mimi na Toutou, kila kimoja metre 12 hivi. Vilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Fungurume, halafu vikavutwa kwa mashini za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba. Kisha reli, mto Lualaba, na reli tena kutoka Kabalo mpaka ziwa. Tarehe 22 na 23 Desemba viliteremshwa majini pale Kalemie. Tarehe 26 vikaiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani.

Wasafiri wetu wanaitaka tarehe 26 Desemba 1915. Msukani anasema mambo matatu: mkubwa wa Waingereza aliitwa Geoffrey Spicer-Simson, vyombo viliteremshwa tarehe 22 na 23, Kingani ilitekwa siku ile. Anapata 3 zaidi. Dadu zinatoa 4 na 2, jumla 6, na 3 ni 9. Wamefika. Sasa mambo matatu ni jiwe: Spicer-Simson hatakufa kwa mkono wao, na Kingani itatekwa hata wakipiga kelele namna gani.

Basi wamekuja kufanya nini? Mwandishi afungue kaye na kuuliza: ni nini hatukusema? Njia ya Mitumba haikujikata yenyewe. Daraja hazikujijenga. Watu wengi wa inchi hii walikata miti, wakabeba mizigo, wakavuta kamba. Majina ya maofisa yako katika vitabu. Majina ya wale wengine, tafuteni, mutaona ni machache namna gani. Katika mchezo wetu ukurasa huo mweupe umebaki udongo. Mbebaji aliye na homa pale ukingoni, jina lake hakulisema mtu. Kwa hiyo mganga anaweza kumponya. Kiti cha sita kinaweza kuwa chake, akitaka. Na ile misalaba miwili ya shaba inayopunguka, pengine yeye njo anajua inapatikana kwa nani.

Hivyo mwanafunzi anayecheza safari hii anajifunza Mimi na Toutou, na tena anajifunza kuuliza juu ya nani kitabu kilinyamaza.

6. NENO JUU YA HESHIMA

Zamani za inchi yetu haziko mbali. Kuna miaka ambayo katika kalasi yenu mtu mmoja angali anaililia, na pengine hamujui ni nani. Vita vilivyoanza 1996 vilipita katika nyumba za wengi. Kwa hiyo wekeni sheria mbili. Kwanza: mwongozi atangaze mwaka wa safari siku moja mbele, na mtu yeyote anaweza kuukataa bila kutoa sababu. Pili: katika mchezo, mtu akiweka mkono wazi juu ya meza, jambo lile linapitwa palepale, na hakuna anayemwuliza kitu. Mchezo ni wa kubuni. Machozi si ya kubuni.

7. MAZOEZI

(a) Hesabu. Mukivuta karatasi mbili ndani ya kikombe bila kurudisha ya kwanza, ni jumla gani mbili zisizoweza kutokea kamwe? Njia za kupata 8 ao zaidi zinabaki ngapi, na kwa ngapi zote?

(b) Fizike. Chombo kisicho na nanga kinaruka siku moja nyuma. Dunia iko umbali gani na pale kinapotokea? Tumieni kilometre 30 kwa segonde.

(c) Historia. Wasafiri wa Lukuga wanaitaka tarehe 9 Februari 1916, siku meli Hedwig von Wissmann ilipozamishwa ziwani. Kutoka 2020, wanahitaji misalaba mingapi kwa kwenda? Tafuteni mambo matatu ya kweli ya kuongoza chombo, halafu muchague kwa uangalifu: ni lipi mungependa kuliacha bila kulisema, na juu ya nini?

(d) Kazi ya kundi. Pangeni chombo chenu juu ya karatasi moja, upande mmoja tu. Jibuni maulizo sita. Chombo kisichoingia katika ukurasa mmoja ni kizito mno, wachezaji hawatakikumbuka. Picha ichorwe kwa penseli kwanza.

(e) Andikeni chini ya picha, kwa sentensi moja: chombo chetu hakiwezi kufanya nini? Kama sentensi hiyo ni ngumu kuiandika, rudini ulizo la kwanza na muanze tena.

Makaratasi yaletwe ku mwalimu wa historia. Vyombo vitakavyofaa vitachorwa katika nakala zitakazofuata, pamoja na majina ya waliovipanga.